Moshi ule ule hauuzwi mara mbili

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Siku hizi huku Ulaya tunaambiwa kuwa pafukapo moshi pana mafuta ya ndege. Ndugu msomaji usicheke kwanza. Jambo lenyewe ni la kweli, lina pesa nyingi ndani yake, na kama ilivyo kawaida ya mambo yenye pesa nyingi, tusipoliangalia mapema litatupita hivi hivi.

Tulilisikia likizungumzwa Jumamosi moja katika saluni ya kinyozi mmoja, mtu wa kwetu, pembeni ya Rye Lane hapa Peckham, kusini mashariki mwa London. Wanaoijua Peckham wanaijua. Ni mtaa wa Wanigeria kwanza, halafu sisi wengine. Barabara nzima ni mihogo, ndizi za kupika, samaki wakavu, nywele za bandia na wahubiri wenye vipaza sauti. Siku hiyo katika saluni lilikuwa linapita daftari la mchango. Mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mama yake nyumbani, na nauli ya kwenda kumzika ilikuwa haijatimia. Juu ya paa ndege zilikuwa zinashuka kuelekea Heathrow. Upepo ukivuma kutoka magharibi zinapita juu ya Peckham moja baada ya nyingine, na mtu aliyekaa dirishani anaweza kuzihesabu kama mabasi yanavyoingia stendi.

Kinyozi akatugeukia, mashine mkononi. "Kaka, wewe si mwandishi? Hivi ni kweli ndege sasa zinatumia moshi wa viwandani? Na kama moshi ni wa bure, mbona nauli haishuki?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Nasi hatukumjibu, kwa sababu jibu lote hatukuwa nalo. Tuliahidi kulitafuta, na leo tunalileta kwa wote.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mafuta ya ndege za abiria ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa, yale yale ya koroboi na jiko la utambi, ila yamesafishwa zaidi na kupimwa kwa masharti makali. Ni muungano wa kaboni na haidrojeni. Yakiungua, kaboni inashikana na oksijeni ya hewani na kuwa hewa ya ukaa. Ndiyo maana kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa zaidi ya kilo 3 za hewa ya ukaa. Hewa hiyo inabaki angani miaka mingi sana, inazuia joto lisitoke, na matokeo yake wakulima wetu wanayajua kuliko profesa yeyote.

Sasa wataalamu wakajiuliza: kama mafuta ni kaboni na haidrojeni, na kama viwanda vinatupa kaboni hewani kila siku, kwa nini tusiinase kaboni hiyo kwenye bomba la moshi tukatengenezea mafuta mapya, badala ya kuchimba mengine ardhini? Swali hilo limepata majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la bakteria. Kampuni ya LanzaTech ilianzishwa New Zealand mwaka 2005, baadaye ikahamia Marekani. Inatumia aina ya bakteria ambayo kwa mara ya kwanza ilipatikana katika kinyesi cha sungura. Bakteria hao wanakula kaboni monoksidi, ile hewa inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, ambayo viwanda vya chuma vinatoa kwa wingi. Wakishakula wanatoa ethanoli, yaani spiriti. Kwa kifupi ni kazi ya mama pima anayepika gongo, ila badala ya sukari anachachua moshi. Ethanoli hiyo inageuzwa kwa kemia kuwa mafuta ya ndege. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha spiriti ya aina hii kilianza kazi mwaka 2018 katika jimbo la Hebei, China, kwenye kiwanda cha chuma cha Shougang. Oktoba mwaka huo huo ndege ya Virgin Atlantic ilitoka Orlando, Marekani, ikatua Gatwick hapa Uingereza ikiwa na mchanganyiko wa mafuta yaliyotokana na spiriti hiyo. Desemba 2022 kiwanda kingine cha spiriti kilizinduliwa Ghent, Ubelgiji, kwenye kiwanda cha chuma cha ArcelorMittal.

Jibu la pili ni la umeme. Unanasa hewa ya ukaa, unapasua maji kwa umeme ili upate haidrojeni, kisha unaviunganisha viwili hivyo kuwa mafuta. Njia ya kuviunganisha si ngeni. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch waliigundua miaka ya 1920, na Afrika Kusini kupitia Sasol imeitumia kwa miongo mingi kutengeneza mafuta kwa makaa ya mawe. Kilicho kipya ni kuacha makaa na kutumia hewa iliyonaswa.

Basi sisi hatuko miongoni mwa wale wanaodhani kila kitu cha mzungu ni utapeli. Sayansi hii inafanya kazi. Tatizo letu liko kwenye hesabu, na hapo tunaomba msomaji atuvumilie kidogo.

Chukua mfano mwepesi. Kuna kiwanda cha chuma kinachotoa gunia 1 la moshi. Kuna ndege inayochoma mafuta ya kuchimbwa na kutoa gunia 1 lingine. Jumla angani ni magunia 2. Sasa gunia la kiwandani likinaswa na kufanywa mafuta ya ndege ile, kiwanda hakitoi kitu, lakini ndege ikiruka gunia lile lile linatokea nyuma ya injini. Jumla angani ni gunia 1. Tumeokoa nusu. Nusu si haba, na hatuibezi. Lakini hiyo ndiyo nusu ya juu kabisa, kabla hujahesabu umeme na joto la kuendeshea mitambo, na kabla hujauliza kama moshi ule ulikuwa tayari unachomwa kuzalisha umeme wa kiwanda ambao sasa lazima utafutwe kwingine.

Uchakachuaji unaanza pale kiwanda kitakaposimama na kusema sisi tumeacha kutoa moshi, na shirika la ndege nalo likasema sisi tunaruka bila kuchafua. Kila mmoja amejiandikia gunia zima. Kwenye karatasi hakuna moshi, na angani gunia lipo. Watu wa Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ni kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili, kila mmoja ana hati na kila mmoja ameweka tofali. Na Watanzania wanakumbuka mafuta ya taa yalipokuwa yanachanganywa kwenye dizeli, hadi mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo. Mafuta yanaweza kuwa safi na hesabu ikachakachuliwa, na wa hesabu ni mgumu zaidi kumkamata kwa sababu hanuki.

Tuwe waadilifu. Umoja wa Ulaya umeliona hili. Katika soko lao la kaboni, kiwanda kinachouza moshi wake ufanywe mafuta kinaendelea kudaiwa moshi huo kama vile kimeutoa chenyewe. Na katika sheria waliyoipitisha mwaka 2023 wameweka tarehe ya mwisho: hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma makaa, mafuta au gesi kwenye mitambo ya umeme haitakubalika katika mafuta ya aina hii baada ya mwaka 2035, na ile ya viwanda vingine baada ya mwaka 2040. Maana yake wanajua wenyewe kuwa moshi wa kiwanda ni daraja tu. Mtu hajengi nyumba juu ya daraja.

Hapa Uingereza tumeona kwa macho kwa nini. Port Talbot, Wales, kulikuwa na tanuri kubwa za chuma, chemchemi ya moshi wa aina hiyo hiyo inayohitajiwa na wale bakteria. Septemba 2024 tanuri ya mwisho ilizimwa, nafasi yake ikapangiwa tanuri ya umeme, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Chuma kikisafishwa, moshi unakwisha. Mwenye kutegemea uchafu wa jirani kama malighafi atajikuta anaomba jirani asifagie.

Hata hapa Peckham tuna bomba letu. Ukitembea kuelekea uwanja wa timu ya Millwall utaliona, refu, la kiwanda cha SELCHP kinachochoma takataka tangu mwaka 1994, zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Takataka za mtaa wetu zinachomwa hapo, na joto lake linapelekwa kwenye nyumba za halmashauri ya Southwark, ambamo wanaishi wengi wetu. Je, moshi ule nao haungeweza kunaswa ukafanywa mafuta? Kwa kemia unaweza. Sehemu ya moshi huo ni maganda ya ndizi na karatasi, kaboni ambayo mmea uliivuta juzi tu kutoka hewani. Sehemu nyingine ni plastiki, yaani mafuta ya kuchimbwa yaliyovaa nguo nyingine. Bomba ni moja, lakini hesabu ni mbili, na asiyezitenganisha anakudanganya.

Sasa tuje kwenye lile swali la kinyozi. Mbona nauli haishuki?

Haishuki kwa sababu moshi ni wa bure lakini kuugeuza si bure. Ile njia ya umeme, kwa hesabu yetu ya kukadiria, inahitaji umeme karibu mara mbili ya nishati inayobaki ndani ya mafuta. Ndege ya Dreamliner kutoka Nairobi hadi London inachoma takriban tani 40 za mafuta. Kuyatengeneza kwa haidrojeni ya umeme kungehitaji zaidi ya megawati-saa 800. Kilele cha matumizi ya umeme Kenya nzima mwaka 2025 kilipita megawati 2,300. Kwa hiyo safari moja, ya kwenda tu, ingemeza umeme wote wa Kenya kwa takriban dakika 20, saa ambayo kila taa na kila mashine imewashwa. Hakuna bakuli la bure hapo.

Ndiyo maana mafuta haya mbadala ya kila aina bado ni machache na ni ghali. Kwa makadirio ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, mwaka 2025 hayakufika hata asilimia 1 ya mafuta yote ya ndege, na bei yake ilikuwa angalau mara mbili ya mafuta ya kawaida. Tena mengi ya hayo hayatokani na moshi. Ndege ya Virgin Atlantic iliyoondoka Heathrow kwenda New York Novemba 2023, ambayo haikubeba hata tone la mafuta ya kuchimbwa, iliruka zaidi kwa mafuta ya kukaangia yaliyotumika na shahamu za wanyama. Yaani ni mafuta ya aina ile ile ambayo gari huja kuyakusanya kwenye maduka ya kuku hapa Rye Lane. Lakini watu wote duniani wakaange chipsi mchana na usiku, mafuta yao hayatatosha ndege zote. Ndiyo maana moshi unatafutwa.

Na serikali zimeshalazimisha. Uingereza imeagiza kuwa mwaka 2025 asilimia 2 ya mafuta ya ndege yawe ya aina hii, ipande hadi asilimia 10 mwaka 2030 na asilimia 22 mwaka 2040. Gharama hiyo itafika kwenye tiketi, juu ya kodi ambayo tayari ipo. Anayepanda ndege London kwenda Nairobi au Dar es Salaam daraja la kawaida alitozwa kodi ya abiria ya pauni 90 kuanzia Aprili 2025, na ikapangwa ifike pauni 102 Aprili 2026. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 1 ya watu duniani ndio waliosababisha zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya safari za abiria wa ndege mwaka 2018. Si yule anayechangiwa nauli ya msiba mara moja katika miaka sita. Lakini kwenye kodi wote wawili wanasimama foleni moja.

Na Afrika Mashariki je? Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa sauti.

Mwezi Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta mbadala kutoka kwa Eni ya Italia. Tulipiga makofi, na tulistahili. Mwaka mmoja kabla, Eni ilikuwa imefungua kiwanda cha kukamua mbegu za mbarika na nyinginezo Makueni. Mbegu ni za Makueni, jasho ni la Makueni, mafuta yanakwenda kusafishwa Italia. Wakati huo huo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Wimbo huu tunaujua kutoka kwenye pamba, korosho na kahawa.

Kwenye moshi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hata mlango wa kuingilia umefungwa. Bomba kubwa za moshi tulizo nazo ni za saruji: Wazo Hill, Tanga, Bamburi, Athi River. Saruji ina tabia yake. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoa haitoki kwenye moto, inatoka ndani ya chokaa yenyewe inapochomwa, hivyo hata ukipikia kwa jua itatoka. Kama kuna moshi unaostahili kunaswa, ni huu. Lakini ile sheria ya Ulaya inasema moshi wa kiwanda utakubalika tu kama umetoka mahali ambapo mwenye kiwanda analipia kaboni yake kwa utaratibu unaoeleweka. Kenya na Tanzania hazina utaratibu huo. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022 na kituo cha kufuatilia kaboni pale Sokoine, Morogoro. Kenya ilirekebisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023. Kote kuwili tumeandika vizuri jinsi ya kuuza kaboni. Hatujaandika jinsi ya kumdai anayeitoa.

Matokeo yake tunapata hasara mbili. Mwenye kiwanda chetu hawezi kuuza mafuta ya moshi wake Ulaya yakahesabiwa, na mjanja yeyote anaweza kuja na mkataba, akanunua kaboni ile ile kwa jina moja na kuiuza kwa jina jingine, nasi hatuna daftari la kumwonyesha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuwe na daftari. Kila kiwanda kikubwa cha saruji, chuma na umeme wa gesi kiandikishe kinachotoa, kwa vipimo vya mtu asiyelipwa na kiwanda, na daftari hilo liwe wazi kwa raia na kwa waandishi. Bei ya kaboni ianze ndogo ikiwezekana, lakini ianze.

Pili, tuanzie pale ambapo kaboni yetu ni safi tangu mwanzo. Viwanda vya spiriti kama kile cha Muhoroni, vinavyochachua molasi ya miwa, vinatoa hewa ya ukaa iliyo karibu tupu, isiyohitaji mitambo mikubwa kuichuja, na kaboni yake imetoka kwenye muwa uliovuta hewa msimu uliopita. Hiyo haina tarehe ya mwisho katika sheria ya Ulaya. Olkaria kuna umeme wa mvuke wa ardhini unaotoka usiku na mchana. Mtu anayesema lazima vitu hivi vikutane Rotterdam au Sicilia atueleze kwa nini visikutane Naivasha au Changamwe.

Tatu, umeme wa wananchi utangulie. Tumeona dakika 20 za nchi nzima kwa safari moja. Mradi wowote wa mafuta ya umeme uje na umeme wake mpya, usichote kwenye gridi ambayo bado haijamfikia bibi anayewasha koroboi. Itakuwa kichekesho cha karne ikiwa tutamnyima bibi taa ili tutengeneze mafuta ya taa ya kuruka.

Wapo watakaosema huu ni mjadala wa mbali, waachiwe wenye ndege. Sisi tunasema mjadala wa mbali ndio unaokuja na bili. Kaboni ikishagawanywa bila sisi kuwepo, tutaletewa tiketi tulipe.

Tumemjibu kinyozi. Aliposikia habari ya gunia moja kuandikwa mara mbili, hakuhitaji maelezo zaidi. Alichukua lile daftari la mchango akatuonyesha. Kila jina lilikuwa limeandikwa mara moja, na mbele yake kiasi, na mbele ya kiasi alama ya vema kwa aliyekwisha kutoa. Akasema hapa mtu akitoa pauni 20 akajiandika msiba wa Peckham na msiba wa Lewisham kwa pauni hizo hizo, tutamjua kabla ya jioni.

Nauli ilitimia na mwenzetu aliondoka usiku ule. Sisi tulibaki. Hati yetu ya kusafiria ya mkimbizi imeandikwa kuwa inafaa kwa nchi zote isipokuwa ile kilipozikwa kitovu chetu, na mafuta ya ndege yawe ya moshi au ya kisima, kwetu sisi bado hayajafika huko. Lakini majina yetu yapo kwenye daftari, mara moja tu, na alama ya vema mbele yake. Viwanda na mashirika ya ndege hatuwaombi zaidi ya hapo.